Walimu wa Thailand waliona nini ambacho watazamaji hawakukiona?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili katika upimaji na tathmini ya elimu, na tasnifu yangu inahusu namna walimu wa shule za msingi wanavyotambua matatizo ya tabia na hisia kwa wanafunzi wao. Msimamizi wangu alinishauri nisome tafiti za Thailand kwa kuwa ziko nyingi. Nimezisoma, na sasa nimechanganyikiwa. Zipo zinazosema kwamba walimu wa Thailand huripoti matatizo mengi kuliko walimu wa Marekani, na zipo zinazosema kwamba watoto wa Thailand ni watulivu kuliko hao wa Marekani. Tena, karibu kila tasnifu ya huko niliyoifungua ina hojaji iliyopitishwa na wataalamu kwa IOC (kielezo cha kama swali linalingana na lengo lake) ya zaidi ya 0.50 na mbinu ya kufundishia iliyofaulu, ilhali matokeo ya nchi hiyo katika PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, yanashuka. Niamini lipi? Na je, ninaweza kuichukua hojaji iliyothibitishwa kule nikaitumia hapa?"

Jibu: Marahaba. Migongano miwili uliyoitaja inaonekana kuwa haihusiani, mmoja ukiwa wa saikolojia na mwingine wa mitihani, lakini mimi nauona kuwa ni mmoja. Kotekote umepewa tarakimu bila kuelezwa vya kutosha ni nani aliyekuwa anapima, na akilini mwake alikuwa analinganisha na nini. Nitaanza na suala la tabia, kwa sababu hilo lilichunguzwa kwa uangalifu ambao ni nadra kuuona.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani John Weisz, pamoja na Somsong Suwanlert, Wanchai Chaiyasit na wenzao, walichapisha uchunguzi wa sababu zilizofanya watoto wapelekwe kwenye kliniki za afya ya akili katika nchi hizo mbili. Watoto wa Thailand walipelekwa zaidi kwa matatizo ya kujifungia ndani: woga, haya iliyopita kiasi, wasiwasi, huzuni, na maumivu ya mwili ambayo daktari haoni chanzo chake. Wale wa Marekani walipelekwa zaidi kwa matatizo yanayomwagika nje, kama vile ukaidi na ugomvi. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba jamii yenye malezi ya Kibudha, inayomtaka mtoto awe mpole, asipandishe sauti na asimkwaze mkubwa, humzoesha kuyameza mambo, na yaliyomezwa hutafuta njia nyingine ya kutokea. Hadi hapo hapakuwa na mgongano wowote.

Mgongano ulijitokeza walimu walipopewa hojaji. Katika utafiti wa mwaka 1989 uliohusu watoto wa umri wa miaka 6 hadi 11, walimu wa Thailand waliwaripoti wanafunzi wao kuwa na matatizo mengi kuliko yale ambayo walimu wa Marekani waliyaripoti kwa wanafunzi wao. Mtu yeyote aliyewahi kuingia darasa la Kithai, ambamo watoto huinuka pamoja na kumwamkia mwalimu kwa viganja vilivyounganishwa, angeshangaa. Weisz na wenzake walishangaa pia, na badala ya kuikalia tarakimu hiyo na kuitafutia falsafa, walifanya jambo ambalo ningependa kila mtafiti wa shule alifanye angalau mara moja: waliwapeleka watazamaji waliofunzwa kukaa madarasani na kuhesabu walichokiona, kisha wakawaomba walimu wa watoto walewale wajaze hojaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Watazamaji waliona kwamba watoto wa Marekani walikuwa na tabia za matatizo na za kutoshughulika na kazi kiasi cha mara mbili ya watoto wa Thailand. Walimu, kwa watoto haohao, walitoa picha iliyogeuka kabisa: wa Thailand ndio walioonekana kuwa na matatizo zaidi.

Ni rahisi kuusoma utafiti huu na kuhitimisha kwamba walimu wa Thailand walikosea. Sikubaliani na usomaji huo. Mtazamaji aliyefunzwa ana faida moja kubwa, nayo ni kwamba anatumia fimbo moja ya kupimia katika nchi zote mbili. Lakini anamwona mtoto kwa muda mfupi, na hawezi kuyaona yanayotokea moyoni mwa mtoto anayekaa kimya. Mwalimu anaishi na mtoto mwaka mzima, ila fimbo yake ameichonga mwenyewe kutokana na watoto aliowahi kuwafundisha na adabu anayoitarajia. Mahali ambapo kunyamaza mwalimu anapozungumza ndiyo hali ya kawaida ya darasa, mtoto anayegeuka nyuma mara tatu kumnong'oneza mwenzake anaonekana kama doa jeusi kwenye kanzu nyeupe. Katika darasa lenye vurugu za kadiri, mtoto huyohuyo asingeonekana. Kwa hiyo hojaji ya mwalimu haikupima tabia ya mtoto peke yake. Ilipima umbali uliopo kati ya tabia hiyo na matarajio ya mwalimu, na umbali huo ni habari ya kweli, ingawa siyo habari ambayo kichwa cha hojaji kinaahidi.

Kuna kipande kingine cha kazi hiyo ambacho wanafunzi wengi hukiruka, na nadhani ndicho kinachokuhusu zaidi wewe. Mwaka 1988 kundi hilohilo liliwapa wazazi, walimu na wanasaikolojia wa nchi zote mbili maelezo mafupi ya watoto wa kubuni, mmoja mwenye matatizo ya kujifungia na mwingine mwenye matatizo ya kumwagika nje, likawauliza jambo hilo ni zito kiasi gani. Watu wazima wa Thailand waliyaona matatizo hayo kuwa mepesi zaidi, yenye kutia wasiwasi kidogo zaidi, na yenye uwezekano mkubwa wa kwisha yenyewe kadiri muda unavyokwenda. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kati ya wazazi na walimu kuliko kati ya wanasaikolojia, kana kwamba taaluma inawavuta watu wake kwenye fimbo moja hata wanapotoka mataifa tofauti.

Sasa ziweke tafiti hizi mbili pamoja. Mwalimu wa Kithai anaiona kasoro upesi na anaitaja kwenye hojaji, lakini hashtuki, kwa sababu katika mafundisho ya Kibudha aliyolelewa nayo kila hali ni ya kupita. Kuiona kasoro ni kizingiti kimoja, kuiogopa ni kizingiti cha pili, na kumpeleka mtoto kwa mtaalamu ni kizingiti cha tatu. Hojaji nyingi huuliza la kwanza, na watafiti wengi huandika majibu kana kwamba wameuliza la tatu. Tasnifu yako inahusu namna walimu wanavyotambua matatizo. Itakubidi uamue mapema ni kizingiti kipi unachokisema, la sivyo utarudia mgongano huuhuu kwa watoto wengine.

Hili si suala la historia tu. Shule za Thailand zina utaratibu unaoitwa mfumo wa kuwatunza na kuwasaidia wanafunzi, ambao unamtaka mwalimu wa darasa amjue kila mwanafunzi mmoja mmoja, amtembelee nyumbani, amchuje, amsaidie, na ikishindikana ampeleke kwa wataalamu. Chombo kinachotumika sana katika kuchuja ni SDQ, hojaji fupi ya maswali 25 iliyotungwa na daktari wa akili Mwingereza Robert Goodman mwaka 1997, yenye makundi matano ya maswali matano matano: hisia, mwenendo, kutotulia, uhusiano na wenzake, na wema kwa wengine. Wanasaikolojia wa shule ni wachache mno wakilinganishwa na idadi ya shule, kwa hiyo mzigo mzima wa utambuzi unamwangukia mwalimu, ambaye huenda akajaza fomu za watoto 40 katika siku chache, jioni, akiwa ameshachoka. Ninaposoma makala inayosema asilimia fulani ya wanafunzi wa mkoa fulani wako hatarini, swali langu la kwanza ni nani aliyejaza, na la pili ni kama mpaka wa alama uliotumika ulipatikana kwa watoto wa huko au uliletwa pamoja na fomu.

Tuchukue hesabu ya kubuni ili uone kwa nini nashikilia jambo hili. Tuseme katika wanafunzi 1,000 wapo 100 wenye tatizo la kweli, na hojaji inawanasa 70 kati yao, ambacho ni kiwango cha kuridhisha. Tuseme pia kwamba kati ya wale 900 wasio na tatizo, inawakamata kimakosa 90, yaani mmoja katika kila kumi. Mwalimu anabaki na orodha ya watoto 160, na zaidi ya nusu yao hawana tatizo lolote. Matarajio ya mwalimu yakiwa makali kidogo tu, wale 90 wanakuwa 150, na mwanasaikolojia mmoja anayehudumia shule nyingi hawezi kuimaliza orodha hiyo.

Nije kwenye IOC. Kielezo hiki cha ulinganifu kati ya swali na lengo kinatokana na kazi ya Wamarekani Rovinelli na Hambleton ya mwaka 1977, lakini sijui nchi ambako kimekita mizizi kama Thailand, ambako ni nadra kuona tasnifu ya elimu isiyokuwa nacho. Kwa namna kinavyotumika huko, wataalamu, kwa kawaida watatu au watano, huliwekea kila swali +1 likilingana na lengo, 0 wakiwa na shaka, na −1 lisipolingana. Wastani ukifika 0.50 swali linapita. Sasa hesabu mwenyewe. Kwa wataalamu watano, swali ambalo wanne wamelikubali na mmoja amelikataa kabisa linapata 0.60 na kupita. Swali ambalo wawili kati ya watano wamelitilia shaka nalo linapata 0.60. Huyo mmoja aliyelikataa huenda ndiye pekee aliyewahi kufundisha watoto wa umri huo, lakini sauti yake imezama ndani ya wastani.

Juu ya hesabu hiyo kuna jambo la kijamii. Wathai wana neno *kreng jai*, ambalo kwa Kiswahili ningelieleza kuwa ni kumstahi mtu kiasi cha kuona vibaya kumpa usumbufu au kumvunja moyo. Wataalamu wanaopitia hojaji ya mwanafunzi mara nyingi ni walimu wa chuo chake au wenzake wa kazini. Kumwandikia −1 ni kumrudisha nyuma hadharani, na kuandika 0 pamoja na maoni ya upole pembeni kunatosheleza adabu. Sina haja ya kusema kwamba wanadanganya, na usidhani kwamba sisi huku hatuna ugonjwa huo. Ninasema tu kwamba kielezo chenye ngazi tatu, kinachojazwa na watu wanaofahamiana, kitaelemea juu. Ukitaka kujua thamani ya IOC katika tasnifu, tafuta kama mwandishi ameeleza maswali yaliyobadilishwa na maoni yaliyosababisha mabadiliko hayo. Yakikosekana, tarakimu hiyo ni muhuri tu.

Kuhusu alfa ya Cronbach, kipimo cha namna maswali ya hojaji yanavyoshikamana ambacho hukaribia 1 yakishikamana sana, nitakwambia jambo moja fupi. Hojaji ya maswali 40 ambayo maswali yake yana uhusiano wa wastani wa 0.10 tu, yaani karibu hayajuani, itatoa alfa ya takriban 0.82. Wingi wa maswali peke yake unaweza kuipandisha.

Mbinu za kufundishia zinazofaulu nazo zina hadithi yake. Sheria ya Taifa ya Elimu ya Thailand ya mwaka 1999, katika kifungu cha 30, inazitaka taasisi za elimu kuwahimiza walimu wafanye utafiti wa kuboresha ujifunzaji. Wazo lenyewe ni zuri. Lakini kwa miaka mingi kupanda hadhi ya kitaaluma kwa mwalimu kulitegemea maandishi aliyoyawasilisha, na maandishi hayo yalihitaji kipimo chepesi cha mafanikio. Kipimo kilichoenea ni kile cha ufanisi wa zana za kufundishia kinachohusishwa na Profesa Chaiyong Brahmawong, ambacho huandikwa E1/E2, na kigezo chake maarufu ni 80/80. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa asilimia walizopata wanafunzi katika mazoezi ya wakati wa kujifunza. Ya pili ni wastani wao katika mtihani wa mwisho. Kilikusudiwa kumsaidia mtunzi wa zana ajue kama zana yake inahitaji kusahihishwa kabla ya kusambazwa, na kwa kazi hiyo kinafaa. Kinapogeuzwa kuwa ushahidi kwamba mbinu mpya ni bora, kinapwaya, kwa sababu anayetunga mazoezi, anayefundisha, anayetunga mtihani na anayeusahihisha ni mtu mmoja, na mara nyingi hakuna darasa lingine la kulinganisha. Mtihani ukiwa mwepesi, 80/80 hufikiwa na zana yoyote.

PISA ni fimbo ya mtu mwingine kabisa, na hapo ndipo mgongano wako wa pili unapoyeyuka. Mwaka 2012 wanafunzi wa Thailand wa miaka 15 walipata wastani wa 441 katika kusoma, 427 katika hisabati na 444 katika sayansi. Mwaka 2022 walipata 379, 394 na 409. Katika hisabati ni takriban asilimia 32 tu waliofika ngazi ya pili, ambayo OECD, shirika linaloendesha PISA, inaihesabu kuwa kiwango cha chini kinachohitajika. Sehemu ya anguko hilo inahusu miaka ya kufungwa kwa shule, na nchi nyingi zilishuka, lakini kusoma kulikuwa kumeshashuka hadi 393 mwaka 2018, kabla ya korona. Maelfu ya mbinu zilizofikisha 80/80 hazipingani na takwimu hizi, kwa sababu zilipima kama mtoto amekishika alichofundishwa wiki ile kwa maswali yaliyofanana na mazoezi, wakati PISA inampa maandishi marefu asiyowahi kuyaona na kumtaka ayapime.

Usikimbilie, hata hivyo, kuifanya PISA kuwa hakimu wa mwisho. Wastani wa nchi unaficha kwamba shule teule za sayansi, kama Mahidol Wittayanusorn, zinaishi katika ulimwengu tofauti na shule ndogo za vijijini zenye wanafunzi wasiofika 120, ambako mwalimu mmoja hufundisha madarasa mawili au matatu kwa pamoja. Unaficha pia lugha. Katika Pattani, Yala na Narathiwat, karibu na mpaka wa Malaysia, watoto wengi huingia shule wakizungumza Kimalay cha Patani, na Kithai wanakutana nacho darasani. Chuo Kikuu cha Mahidol kiliendesha huko mradi wa kuwafundisha kwa lugha zote mbili, uliopata tuzo ya kisomo ya UNESCO King Sejong mwaka 2016. Mtoto wa huko anayemkodolea macho mwalimu bila kujibu anaweza kuandikwa kwenye fomu kuwa hana umakini au ana haya, na tukarudi palepale tulipoanzia.

Hata kipimo kinachoonekana cha kimashine, kama kasi ya kusoma, kinabeba lugha ndani yake. Kithai huandikwa bila nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo mtoto anayeanza kusoma ana kazi ya kwanza ya kujua neno linaishia wapi. Kiswahili kina tabia iliyo kinyume: "hawatakusomea" ni neno moja kwenye karatasi, lakini lina habari ya sentensi nzima. Kulinganisha maneno kwa dakika kati ya lugha hizi ni sawa na kulinganisha pishi na mita.

Sasa swali lako la mwisho. Ndiyo, unaweza kuichukua hojaji iliyotumika Thailand, lakini uthibitisho wake haukufuati. Kwanza, ikiwa hojaji hiyo asili yake ni ya Kiingereza, usiitafsiri kutoka toleo la Kithai au kutoka maelezo yake katika makala. Rudi kwenye asili, uombe ruhusa ya mwenye haki, na ulizie kama tayari lipo toleo la Kiswahili. Tafsiri irudishwe kwenye lugha ya asili na mtu ambaye hajaiona, kisha kaa na walimu sita au saba na uwaombe wakueleze kwa sauti wanavyolielewa kila swali. Neno "mtulivu", kwa mfano, mwalimu mmoja atalipokea kama sifa na mwingine atalipokea kama mtoto aliyezubaa, na jambo hilo huwezi kuligundua kwa IOC.

Pili, ninakushauri uongeze vitu viwili ambavyo havihitaji fedha nyingi. Wape walimu wako maelezo mafupi ya watoto wawili au watatu wa kubuni, yaleyale kwa kila mwalimu, na uwaulize kuhusu vizingiti vyote vitatu nilivyovitaja: kama wanaona tatizo, kama linawatia wasiwasi, na kama wangempeleka mtoto kwa mtu. Majibu hayo yatakuonyesha fimbo ya kila mwalimu kabla hujasoma alama alizowapa wanafunzi wake. Kisha chagua madarasa machache, hata manne, na uweke watazamaji wawili waliofunzwa ambao hawajaona fomu za walimu. Pima kwanza kama wao wenyewe wanakubaliana. Usiogope matokeo yakitofautiana na ya mwalimu. Mpango wako wa uchambuzi ueleze mapema, kabla ya takwimu kuingia, utakavyoitafsiri tofauti hiyo, maana ukisubiri hadi mwisho utajikuta unaitetea hojaji uliyokwisha kuigharimia miezi sita.

Na IOC, kama chuo chako kinaidai, iweke. Ila katika jedwali lake ongeza safu moja ya alama ya chini kabisa ambayo kila swali limepewa, na nyingine ya sababu iliyoandikwa na mtaalamu aliyeitoa.